Kulabu Ndani ya Kantini

Kwenye kantini ya treni ya masafa marefu palikuwa na sheria moja ambayo haikubandikwa ukutani, lakini kila msafiri wa njia ile aliijua: meza haipati chai mpaka ijae. Meza ni ya watu wanne. Ukikaa peke yako, utakaa na kiu yako. Mkikaa wawili, mtatazamana. Mkifika watatu mtaambiwa, "Bado mmoja." Akitimia wa nne ndipo birika linapoinuliwa na vikombe vinatua mezani kwa mpigo mmoja.

Mwenye sheria hiyo aliitwa Bi Jaza. Jina la kwake lilikuwepo, ila lilibaki kwenye karatasi za ajira. Kutwa nzima alisimama katikati ya behewa na aproni yake ya bluu, akiita kama mpiga mnada: "Jaza hapa! Wewe mwenye kofia, unamnunia nani huko pembeni? Njoo ujaze hapa!" Kwa mtindo huo aliwakalisha pamoja watu wasiojuana, na chai ilipokwisha walikuwa wameshajuana hadi majina ya mawifi. Ndoa mbili tatu zilianzia meza ya dirishani. Ilikuwepo na talaka moja, lakini hiyo Bi Jaza hakuikubali. Alisema wale wawili walipanda treni wakiwa wameshaharibika.

Treni yenyewe iliondoka mji mmoja asubuhi na kufika mwisho wa reli siku ya pili yake. Bi Jaza alikwenda nayo na kurudi nayo. Nyumbani kwake kulikuwa na chumba, redio ya mezani na kimya. Mume alikwisha fariki, watoto walioa na kuolewa mbali. Watu walipomuuliza kwa nini hapumziki, aliwajibu kwamba kupumzika anakujua, amekujaribu, na hakuna ladha.

Habari ya baiskeli aliletewa na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye ndiye mkuu wa treni ile.

"Shemeji, kaa kwanza," alimwambia.

"Tangu lini wewe ukanikaribisha kiti ndani ya kantini yangu? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Kuna baiskeli."

Akamweleza. Waendesha baiskeli walikuwa wamelalamika ofisini hadi ofisi ikachoka. Kwa miaka yote baiskeli zao ziliwekwa behewa la mizigo, zikalaliwa na magunia. Zilifika na usukani umegeuka shingo, au zilifika na treni ya kesho mwenyewe akiwa ameshatembea kwa miguu. Sasa ofisi imeamua: meza za upande mmoja wa kantini zing'olewe, na mahali pake ziwekwe kulabu za kutundikia baiskeli.

"Meza zangu?"

"Za upande mmoja."

"Shemeji, mtu akikukata mguu mmoja utasema amekukata upande mmoja?"

"Ni majaribio tu. Atakuja mkaguzi asafiri na sisi, aone. Kulabu zikikaa tupu, meza zinarudi."

Bi Jaza aliacha kufuta kikombe. "Zikikaa tupu?"

"Nimesema tu. Usinitazame hivyo."

Meza ziling'olewa, kulabu zikafungwa kwa nati kubwa kubwa. Bi Jaza hakugombana na mtu. Alisubiri apande kinyozi mmoja wa kuzunguka, ambaye njia nzima ilimwita Redio kwa sababu hajawahi kuonekana amezimwa. Akamwekea chai, akaegemea meza na kushusha sauti.

"Mimi sisemi kitu," alisema. "Lakini nasikia zile kulabu zinapinda rimu."

"Acha!"

"Nasikia. Sijasema mimi."

Hiyo ilikuwa njia yake ya kutosema uongo. Na Redio hakuhitaji kuombwa. Treni ilipogeuza kurudi, maneno yalishatangulia kila stesheni, tena yamenenepa njiani. Rimu zinapinda. Spoku zinakatika. Kuna mtu katundika baiskeli nzima, kuja kuitazama, tairi la mbele halipo, na treni haijasimama mahali popote. Bi Jaza alipoisikia hiyo ya tairi alishtuka kabisa, akamwuliza aliyemwambia, "Kweli?"

Safari iliyofuata kulabu zilikaa tupu. Bi Jaza alizipangusa vumbi kwa upole, kama mtu anayemwandaa maiti wa jirani.

Kisha mambo yakaenda kombo. Watu wale walizihitaji baiskeli zao kule waendako. Kuziacha nyumbani hawakuweza, na kuzirudisha chini ya magunia hawakutaka. Mtu akiambiwa njia ina nyoka hahami mji, anakata fimbo. Wakaanza kuzileta moja moja, wakazitundika, halafu badala ya kwenda kwenye viti na vitanda vyao wakaketi kantini kuzilinda, macho kwenye kulabu, kutoka stesheni ya kwanza hadi ya mwisho. Na aliyeketi kantini aliangukia sheria ya meza.

"Jaza hapa! Wewe wa baiskeli nyekundu, unaiona hata ukikaa huku, haiwezi kuruka!"

Meza zilijaa. Waliokosa viti walisimama na vikombe mikononi. Mabishano ya pampu na breki yaliunguruma toka asubuhi, na Bi Jaza sauti ikamkauka.

"Meza zimepungua, watu wameongezeka," shemeji yake akasema, akipenya kwa ubavu. "Sasa unataka nini?"

"Nataka meza zangu."

"Uwaweke nani?"

"Pita, shemeji, unazuia njia."

Miongoni mwa walinzi hao alikuwa mkunga mmoja, mwanamke mrefu wa maneno machache. Watoto wake walikuwa mji wa huku, kazi yake ya zamu ilikuwa upande wa mwisho wa reli, kwenye zahanati ambayo gari haifiki. Kutoka stesheni ni kupiga pedeli tu. Zamani, baiskeli ilipocheleweshwa mizigoni, alikwenda kwa miguu, na mara mbili alikuta mtoto ameshazaliwa bila yeye. Mmoja wao hakuishi. Kulabu zilipofungwa alifurahi kuliko wote. Kisha akayasikia maneno, kama wengine. Tangu hapo alikata tiketi ya kitanda na hakukilalia. Aliketi kantini, mkoba wa kazi mapajani, akiitazama baiskeli yake mpaka macho yakawa mekundu.

"Nenda kalale, mdogo wangu," Bi Jaza alimwambia siku moja.

"Nitalalaje, dada? Na haya tunayoyasikia?"

Bi Jaza aliondoka na birika lake.

Mkaguzi alipanda asubuhi moja, bwana mwembamba mwenye adabu nyingi. Behewa lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kujaa. Akachagua meza ya dirishani, akaketi peke yake, akaomba chai. Shemeji mtu akamkimbilia Bi Jaza nyuma ya kaunta.

"Ndiye huyo. Mpe chai."

"Meza imejaa?"

"Shemeji, huyo ni mkaguzi!"

"Nimekuuliza, meza imejaa?"

Haikuwa imejaa. Kwa hiyo Bi Jaza alisimama katikati ya behewa, akamwita Redio, akamwita mkunga, akamwita na mzee mmoja mwenye baiskeli ya kijani. Wakajaza. Birika likashuka. Mkaguzi, ambaye labda hajawahi kupewa chai kwa masharti, alisema ahsante mara mbili.

Alitazama kulabu: hakuna hata moja iliyokuwa tupu. Akatazama watu: hakuna hata mmoja aliyekuwa akitazama dirishani.

"Mbona wote mmekaa hapa?" aliuliza. "Hamna viti vyenu?"

"Tunavyo," mzee akasema. "Tunalinda."

"Kulabu zinapinda rimu, bwana mkubwa," Redio akaeleza. "Na matairi yanachomolewa."

"Umeiona rimu iliyopinda?"

"Nimesikia."

"Kwa nani?"

Redio akachungulia ndani ya kikombe chake kana kwamba jibu limezama chini na majani ya chai. Mzee wa baiskeli ya kijani akakohoa. Meza ya jirani ikanyamaza, na ya pili yake. Njia nzima ilijua kwa nani, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukosa chai.

Katikati ya kimya hicho kichwa cha mkunga kilianguka mezani. Hakikuinama, kilianguka, bakuli la sukari likaruka na kumwagika. Hakuamka. Mkono wake mmoja ulibaki umeushika mkoba.

Mkaguzi alipangusa sukari kwenye suruali, akamgeukia Bi Jaza.

"Mama, wewe uko hapa siku zote. Niambie wewe. Kulabu zinaharibu baiskeli? Ukisema ndiyo, naandika ziondolewe, baiskeli zirudi mizigoni na meza zako zirudi hapa. Ukisema hapana, zinabaki moja kwa moja."

Shemeji mtu akaanza kuitazama dari ya behewa kwa makini sana.

Bi Jaza alishika birika kwa mikono miwili. Neno lenyewe lilikuwa dogo, na watu kumi wangelishuhudia kwa kuwa walikwisha liamini. Alizitazama kulabu. Akamtazama mkunga, mdomo wazi juu ya meza, sukari kwenye nywele. Akawatazama na wale waliosimama na vikombe, wanaokanyagana, behewa limefurika kama nyumba ya harusi. Baiskeli zikienda mizigoni, hawa nao wataondoka hapa.

"Hazipindi kitu," alisema.

Redio akapaliwa na chai. "Lakini Bi Jaza, si wewe mwenye—"

"Redio, kunywa, inapoa." Akamgeukia mkaguzi. "Kulabu hazina neno. Watu wanaogopa tu. Wawekee kufuli, kila mtu na ufunguo wake mfukoni, woga utakwisha."

Mkaguzi akaandika. Alionekana ameridhika, alikuwa amekuja kutafuta tatizo na amepewa na dawa yake.

Kufuli zikaja mapema kuliko ilivyotarajiwa, imara, na mnyororo uliovikwa mpira ili usichubue rangi. Siku ya kwanza ya kufuli Bi Jaza alivaa aproni mpya. Wenye baiskeli wakapanda, wakatundika, wakafunga, wakavuta mara moja kujaribu, wakatia funguo mfukoni. Kisha wakaenda zao kulala.

Treni ikaondoka. Behewa lilikuwa limejaa baiskeli tangu mlango hadi mlango. Zilining'inia zikiyumba pamoja, na kila gurudumu la treni lilipopita kwenye maungio ya reli, kengele zao zililia zenyewe, kidogo kidogo. Meza zilikuwa tupu. Bi Jaza alisimama katikati na birika.

"Jaza hapa," alisema, bila kumwita mtu.

Aliyekuja wa kwanza alikuwa Redio, kwa kuwa waliokaa naye kule kwenye viti walikuwa wamelala na hawezi kuongea peke yake. Akaketi, akatazama huku na huku. "Pamekuwa kama hospitali," alisema.

Bi Jaza akaegemea meza. Akashusha sauti.

"Mimi sisemi kitu. Lakini nasikia hizo kufuli—"

Mlango ukasukumwa, akaingia mkunga. Shavu lake moja lilikuwa na mistari ya mto, na jicho moja halijafunguka sawasawa.

"Dada, nimelala!" alisema, kama mtu anayetoa habari ya ajabu. "Nimelala hadi nimeota. Nimeamka na kiu." Akavuta kiti, akaketi mgongo wake ukielekea kulabu.

"Enhe?" Redio akamkazania Bi Jaza. "Hizo kufuli zimefanyaje?"

Bi Jaza alimtazama mkunga kidogo.

"Zinataka mafuta," alisema. "Zisije zikashika kutu."

"Basi hiyo ndiyo habari?" Redio aliudhika waziwazi.

Shemeji naye akaja, kofia kwapani, akaketi bila kukaribishwa. Wakawa watatu. Hakuna aliyedai chai, sheria waliijua. Wakasubiri. Treni ikasimama stesheni ndogo, akapanda mwanamume mmoja na baiskeli ya mizigo, akatundika, akafunga. Redio akamwonyesha kiti. Yule akaonyesha ufunguo, akacheka, akapita.

"Bado mmoja," Redio akasema.

Treni ikaondoka tena. Bi Jaza akaweka birika ukingoni mwa kaunta, akafungua kamba za aproni. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwona ameketi mle ndani. Kiti chenyewe kililia. Akaweka viwiko mezani, kama abiria.

"Imejaa," alisema.

Baiskeli zikayumba, kengele zikalia.

"Haya," shemeji yake akasema mwishoni, "na chai ataleta nani?"

"Mkuu wa treni ni nani humu?"

Shemeji akashusha pumzi, akaanza kuinuka.

"Ukiinuka wewe tunabaki watatu," Redio akamwambia.

Akakaa tena. Wakatazamana wote wanne, sheria ikiwa imewabana sawasawa. Kisha mkunga, ambaye mikono yake ilikuwa mirefu, akajinyoosha hadi kwenye kaunta bila kuondoka kitini, akalivuta birika kwa kidole kimoja.