Mkono Usiingie Krähenrode

Tangu asubuhi kiti cha Roswitha kilikuwa kimekaliwa na koti lake tu. Mwenyewe hakukikaribia. Alikwenda mwisho huu wa stesheni yake, akarudi mwisho ule, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo, akamnyoosha kuku mmoja mdogo kama punje ya mchele aliyekuwa amesimama vizuri tangu mwanzo. Kahawa yake ilipoa, akaiongeza ya moto, nayo ikapoa.

Wenye mapenzi ya treni ndogo walikuwa wamekutana tena katika ukumbi wa michezo wa shule. Kila mmoja alikuja na kipande cha reli alichokijenga nyumbani kwake, wakaviunga vipande vyote meza kwa meza, hadi reli ikauzunguka ukumbi mzima, ikapita chini ya goli la mpira wa kikapu, ikatokea kwenye ujia wa kuelekea bafuni. Mlinzi wa jengo alikuwa amekataza viatu vyenye soli nyeusi, visije vikachora sakafu. Basi watu wazima wenye mvi walikuwa wakitembea kando ya treni zao na rimoti mkononi, miguuni wamevaa malapa ya nyumbani.

Miaka mingi Roswitha alikuja hapo kama mke wa Volkmar, mbeba keki. Wanaume wakicheza, yeye anakata vipande na kuuliza nani anataka krimu. Halafu ikaja baridi moja ndefu, akakaa meza ya jikoni na gundi na msumeno mdogo, akaanza stesheni yake mwenyewe. Aliijenga Krähenrode, kijiji cha bibi yake mzaa mama, jinsi alivyokikumbuka. Miti aliifanya kwa vichwa vya maua yaliyokauka, udongo kwa majani ya chai aliyoyakausha juu ya jiko. Volkmar alikula chakula cha usiku amekiweka magotini kwa sababu meza ilikuwa na kijiji.

Lakini kila mkutano Eckehard aliiweka stesheni hiyo mkiani kabisa, karibu na mlango wa bafu. Eckehard ndiye aliyepanga reli na ratiba, na neno lake lilikuwa la mwisho. Huko mkiani lilikuja behewa moja la abiria, likasimama, likarudi lilikotoka.

"Stesheni yako ni nzuri kutazamwa," alimwambia. "Kufanyia kazi ni jambo jingine. Njia ya kupishania ni fupi. Irefushe."

"Na kule kwenyewe ilikuwa fupi," alijibu Roswitha. "Unataka nijenge mahali ambapo hapakuwepo?"

Safari hii mwenye stesheni ya katikati hakuja, maana binti yake alikuwa anajifungua. Pengo likabaki, na kipande kilicholingana na pengo kilikuwa Krähenrode peke yake. Eckehard alikuja kumwambia huku anakuna shingo.

"Nakuweka katikati, bibie. Lakini tusikilizane. Mkono ukiingia stesheni yako hata mara moja, kesho asubuhi unarudi bafuni."

Mkono kila mtu aliujua. Treni zikikwama pasipo njia, hutokea mtu akaziinua kwa vidole na kuziweka pengine, kama mkono unaoshuka mbinguni. Kazi huendelea, ila stesheni hiyo huwa imeaibika, na watu huicheka hadi mkutano mwingine. Kijiti cha kufungulia kulabu za mabehewa kinaruhusiwa. Vidole haviruhusiwi.

Basi ndiyo sababu hakukaa.

Mezani kwake palikuwa na simu mbili za zamani za kuzungusha. Moja ilikwenda magharibi, kwenye stesheni ya Volkmar, nyingine mashariki kwa rafiki yake Annegret. Treni haiondoki mpaka jirani aseme anaipokea. Na juu ya jukwaa la ukumbi ilitundikwa saa ya treni, inayokimbia mara tano zaidi ya saa za Mungu, ili siku nzima ya reli iishe kabla watu hawajasikia njaa. Saa ile haina huruma. Ukipiga chafya, dakika zimeondoka.

Hadi mchana mambo yalikwenda. Kisha simu ya mashariki ikalia.

"Krähenrode, unapokea treni ya makaa ya mawe? Imechelewa, usinilaumu, dereva wake alikwenda kununua soseji."

"Naipokea."

"Mbona unahema hivyo? Umeisukuma wewe?"

"Annegret, lete treni, acha maneno."

Hajaweka simu chini, ya magharibi ikalia.

"Krähenrode, mke wangu, unapokea treni ya viazi vya sukari? Na mkuu wa stesheni hii anauliza kama keki ya plamu imebaki."

"Keki imekwisha."

"Imekwisha au umeificha?"

Roswitha aliinua macho ukutani. Treni hizi mbili zilikuwa ndefu zote, na ratiba ilipangwa ili zisikutane kwake, maana reli ilikuwa moja tu, na ndani ya stesheni iligawanyika njia mbili fupi. Ya viazi ingefika saa kumi. Saa ukutani ilionyesha saa tisa na kidogo. Akaona makaa yatakuwa yameshapita zamani.

"Naipokea," alisema. "Na keki nimeificha."

Alipoweka simu chini ndipo alipoiona vizuri ile saa aliyoitazama. Ilikuwa na wavu wa waya mbele, isivunjwe na mipira. Ilikuwa saa ya shule. Aligeuka polepole kuelekea jukwaani, kama mtu anayejua atakachokiona. Saa ya treni ilikuwa inagonga kumi.

Alizungusha simu ya magharibi.

"Volkmar! Izuie!"

"Imeshatoka, Rosi. Si umesema unaipokea?"

Treni ya viazi ilikuwa inakuja kweli, na Jörn dereva wake anatembea kando yake akipiga mluzi. Iliingia njia ya kwanza, ikaenda hadi mwisho, na bado haikuenea. Ilikuwa kama ng'ombe aliyeingia zizini akaacha matako nje. Upande wa pili Hartmut alikuja na makaa, akasimama mlangoni mwa mashariki. Yeye naye akiingia, nyuma itabaki nje. Jörn hawezi kutoka, Hartmut hawezi kuingia akaenea, na kurudi walikotoka hakuna, maana katika stesheni iliyo nyuma ya kila mmoja tayari ilikuwa imesimama treni nyingine.

Simu zote mbili zikaanza kulia pamoja.

Watu wa treni wana pua. Kabla hajajibu simu hata moja, walishaanza kukusanyika, wengine na mkate wa nyama mkononi.

"Imeziba?"

"Imeziba kabisa. Hata maji hayapiti."

"Nilisema mimi, pale ni pa kupigia picha."

Eckehard alikuja kwa hatua za haraka, malapa yanapiga sakafu, anakunja mkono wa shati. Roswitha aliiona mishipa ya mkono ule ikishuka juu ya paa la stesheni yake. Bila kufikiri akalaza mkono wake mwenyewe juu ya reli, kama mtu anayemkinga mtoto.

"Usiguse."

"Roswitha, treni saba zinasubiri."

"Zisubiri."

"Kosa ni lako au si lako?"

"Ni langu. Niliangalia saa ya mipira."

Watu waliangua kicheko. Eckehard hakucheka, ila mkono alishautoa. Alitazama jukwaani.

"Ikigonga kumi na moja, naingia. Usiniombe tena."

Kumi na moja ya saa ile si mbali. Roswitha alizunguka meza mara moja, akazunguka tena. Miguu ilikuwa inamwenda yenyewe, na macho yalikuwa yakihesabu vichwa na mikia. Bibi yake alikuwa akisimulia jinsi msimu wa viazi wanakijiji walivyotoka kutazama treni mbili zikipishana Krähenrode, na ilichukua mchana mzima na matusi mengi. Namna yenyewe bibi hakusema. Alisimulia matusi tu.

Akasimama ghafla.

"Hartmut! Kata treni yako katikati."

"Nini?"

"Katikati! Nusu ya nyuma iache hapo nje, mashariki. Nusu ya mbele lete njia ya pili."

Akachukua kijiti. Kulabu ikakataa mara mbili, ya tatu ikaachia. Injini ya Hartmut ikaingia na nusu yake njia ya pili, ikaenea sawasawa.

"Sasa wewe, Jörn. Nenda mbele polepole, uyaguse yale makaa aliyoyaacha, uyasukume nje mpaka mkia wako wote uingie."

"Niyasukume makaa ya mtu? Mimi nimeajiriwa kubeba viazi."

"Jörn, nitakupiga na kijiti hiki."

"Nasukuma, mama, nasukuma."

Mabehewa ya makaa yakagongwa, yakaanza kurudi nyuma mashariki. Pale reli zinapogawanyika, behewa la kwanza la viazi likainua gurudumu. Likapanda juu ya ulimi wa reli, likainama upande mmoja. Likianguka, hakuna kijiti kitakacholisimamisha. Itabidi vidole.

"Simama," alisema Roswitha kwa sauti ndogo. "Rudi. Kidogo. Kidogo zaidi ya hapo, Jörn, kama unamlaza mtoto."

Gurudumu likateleza, likakaa mahali pake. Mtu mmoja akapumua kwa nguvu hadi miti ya maua ikatikisika.

"Twende tena. Polepole."

Hapo saa ya treni ikagonga kumi na moja. Roswitha aliisikia, lakini hakugeuka. Alingojea mkono. Eckehard alikuwa amesimama nyuma yake, mikono yote miwili ameitia mfukoni.

Mkia wa viazi ukaingia. Mlango wa magharibi ukawa wazi.

"Hartmut, toka na nusu yako uende mbali. Mbali! Tuachie nafasi."

Nusu ya makaa ikatoka magharibi. Jörn akarudi nyuma akiyavuta yale mabehewa mengine ya makaa, yaliyokuwa yamenasa kulabu alipoyagusa, hadi ndani ya njia ya kwanza. Kijiti kikayafungua hapo, na treni ya viazi yote ikabaki nje upande wa magharibi. Sasa njia ya pili ilikuwa tupu. Jörn akaenda mbele, akapita humo, akatoka mashariki, haguswi na mtu. Hartmut akarudi kuchukua nusu yake.

Watu walipiga makofi, na mlinzi wa jengo akafungua mlango kuuliza nani amefunga goli.

Roswitha hakuwa na nafasi ya kufurahi. Alishaanza kutengeneza njia ya treni inayofuata. Eckehard akamjia.

"Umenichelewesha reli nzima," alisema. "Ratiba ya jioni haifai tena hata kufungia samaki."

"Najua."

"Utairefusha hiyo njia?"

Alimtazama usoni. Hapo ndipo ingetosha kusema ndiyo, na asubuhi abaki katikati salama.

"Sirefushi. Krähenrode ilikuwa hivyo."

Eckehard aliinama juu ya stesheni. Akatazama njia ya kwanza, ya pili, akaipima kwa kiganja hewani bila kugusa kitu. Alikaa hivyo muda mrefu, hadi Roswitha akatamani kumsukuma.

"Basi usiku huu silali," alisema mwishowe. "Treni ndefu nitazipeleka wapi? Itabidi niipange ratiba yote upya, ya kesho na ya mwakani, kwa ajili ya stesheni moja isiyotaka kukua."

Akaondoka akinung'unika peke yake, ya kesho, ya mwakani, malapa yakipiga sakafu.

Roswitha alibaki na kijiti mkononi. Ya mwakani, alijisemea. Simu zilikuwa zikilia zote mbili. Aliinua macho jukwaani, akasoma saa ya treni, akaisoma mara ya pili kuhakikisha. Kisha akamjibu Annegret kwanza, na ya mumewe akaiacha iite.