Siku Mwalimu Quiroz Alipoomba Darasa Lake Lifungwe

Mwalimu Baltazar Quiroz alisimama kabla jina lake halijaitwa. Ukumbi wa bodi ya chuo ulikuwa umefurika hadi mlangoni, mchana wa Mei, joto la bonde letu la mizabibu likichemsha vioo. Sisi wanafunzi wake, tuliokuja kulipinga darasa lake, tukainamisha macho. Nilidhani amekuja kujitetea. Na nani angemlaumu? Miaka kumi na tisa ugali wa watoto wake, au tuseme tortilla zao, zile chapati za mahindi, ulitoka kwenye darasa lile.

Liliitwa hesabu za maandalizi. Nilitupwa humo na mtihani wa dakika arobaini, nilioufanya Jumamosi moja ya baridi nikitoka moja kwa moja shambani, vidole vikiwa bado vimekakamaa kwa kupogoa mizabibu. Sekondari nilikuwa nimefaulu hesabu vizuri tu, hakuna aliyeuliza. Kompyuta ikaamua nirudi nyuma ngazi tatu: mihula mitatu ya masomo yasiyohesabiwa kwenye shahada yoyote. Siku ya kwanza nikaangaza macho: Zepeda, Cisneros, Urrutia, ambaye ni mimi. Chuo kilikuwa na watu wa kila rangi, lakini darasa lile lilifanana na ubatizo wa binamu yangu: majina ya Kihispania matupu.

“Karibu, dada,” alisema Eliseo Bracamontes, dereva wa trekta mwenye miaka arobaini na moja, aliyekuwa akilirudia darasa lile kwa mara ya tatu. “Mimi hapa ni mpangaji. Ukitaka kiti cha dirishani, ongea na mimi.”

Tulicheka. Kufikia Novemba viti kumi na vinne vilikuwa vitupu.

Muhula uliofuata nilipata kibarua ofisi ya kumbukumbu, kupanga majalada. Hapo ndipo nilipoziona namba. Katika kila wanafunzi mia walioanzia ngazi yetu, saba tu walifika kwenye hesabu za chuo zenyewe. Kisha karatasi nyingine: mwaka mmoja karani alikosea, akawaingiza wenzetu ishirini na wawili wa ngazi yetu moja kwa moja kwenye somo la takwimu. Kumi na sita walifaulu. Nilisoma mstari ule nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Nikatoka mbio hadi maegesho ya magari kumtafuta Eliseo.

“Wee Nereida, vuta pumzi! Kuna moto?”

“Hatukuwa wajinga,” nilimwambia. “Eliseo, hatukuwa wajinga!”

Akavua kofia, akataka nimsomee zile namba tena. Sikuwahi kumwona akikosa mzaha.

Tukaandika pendekezo la kanuni: mwenye alama nzuri za sekondari aingie darasa halisi tangu siku ya kwanza, na apewe saa za msaada kila wiki. Tulikusanya sahihi kanisani, kwenye vibanda vya kufungasha zabibu, hata kwenye foleni ya kufulia. Karatasi zenye zile namba nilimpelekea Mwalimu Quiroz mwenyewe, kwa heshima. Alizikunja, akazitia mkobani.

Mama alinigombeza. “Unampiga vita mwalimu wako? Aliyekuleta nyumbani siku ile ya mvua?” Lakini kesho yake nikamkuta mbele ya kanisa na sufuria yake ya mikate ya mahindi, kalamu sikioni, akimwambia shoga yake: “Sahihi kwanza, comadre. Tamales baadaye.”

Sasa Mwalimu alikuwa mbele ya maikrofoni.

“Nafundisha hesabu za maandalizi,” alianza. “Mkipitisha hili, Agosti sina darasa. Binti huyu aliponiletea karatasi zake nilikasirika. Nikazihesabu upya ili nimkamate amekosea.” Akanigeukia. “Hakukosea. Nilikuwa nikijiambia kwamba walioondoka hawakutaka kusoma. Sisi ndio tuliowachosha. Naomba mpitishe.”

Bwana Whitcomb, mjumbe mkongwe wa bodi, akaegemea mbele. “Na wakifeli, mwalimu?”

“Watafeli wakiwa ndani, mzee. Sasa hivi wanafelia uani.”

Mwenyekiti akaitisha kura. Tatu zikakubali. Tatu zikakataa. Aliyebaki alikuwa mama mmoja mwenye duka la matairi, ambaye hakuwa amefungua mdomo mchana kutwa. Akaguna, akainua mkono: nakubali.

Sijui nani alianza kupiga kelele. Kofia ya Eliseo ilipaa ikatua juu ya meza ya bodi. Mama yangu alimkumbatia askari wa mlangoni, mtu asiyemfahamu kabisa. Mimi nilimkimbilia Mwalimu Quiroz, nikamshika mkono.

“Takwimu ni ngumu,” alisema, akifuta miwani. “Usiniaibishe.”

Si sote tuliofaulu. Mwalimu alipewa zile saa za msaada, nusu ya kazi aliyokuwa nayo, na jioni akafundisha shule ya watu wazima. Eliseo alianguka muhula wa kwanza, akafaulu wa pili, akatupigia simu sote akiwa juu ya trekta, hatusikii kitu ila injini na kicheko.

Siku hizi nakaa kwenye dirisha la ushauri wa wanafunzi, chuo kilekile. Majuzi alinijia msichana wa miaka kumi na minane, analalamika takwimu zinamtoa jasho. Nikamuuliza kwa utani kama angependelea kuanza na hesabu za maandalizi.

“Ndio nini hizo?” akauliza.

“Nenda,” nikamwambia. “Utachelewa darasani.”