Samaki Wasioogopa Kivuli

Tangu mvua kubwa ya mwaka juzi, mlishaji wa samaki alilala na siri moja na kuamka nayo. Siku ile majani yaliziba wavu wa chuma kwenye mdomo wa bwawa, pale shamba la samaki aina ya trauti. Akafanya kama wanavyofanya wote pale: akaung'oa ausafishe. Mara akaitwa upande wa pili, akaenda. Aliporudi, samaki wengi walikuwa wameshika njia ya mtoni. Aliurudisha wavu na hakumwambia mtu.

Samaki wa shamba hukatwa pezi dogo la mgongoni ili wajulikane. Hilo ndilo lililomkosesha raha, maana mtunza mto alikuwa kaka yake, tumbo moja, na macho yake hayakosi kitu. Trauti wa asili wa mto ule aliwapenda kuliko mkewe. Mkewe mwenyewe ndiye aliyesema.

Asubuhi moja kaka akampitia. "Mdogo wangu, njoo mtoni unisaidie kuhesabu vifaranga wa samaki."

Alikwenda naye. Kila kifaranga waliyemnasa alimpapasa mgongoni kwanza. Wote walikuwa na pezi. Roho ikamtulia, hata akathubutu kutania.

"Samaki wako wamenona kukushinda, kaka."

Kaka hakucheka. "Hicho ndicho kinachonitia hofu. Hebu simama hapa, jua liwe mgongoni."

"Mama alitukataza. Kivuli kikigusa maji, mnalala njaa."

"Simama tu."

Akasimama. Kivuli chake kikaangukia majini, na alingoja kuona trauti wakipotea chini ya mawe kama walivyopotea utoto wake wote. Hawakupotea. Walipanda juu, vinywa wazi, wakaufuata mkono wake. Aliijua tabia ile. Aliiona kila siku bwawani, ndoo ya chakula ikiwa mkononi.

"Pezi lililokatwa halirithiwi," kaka alisema taratibu. "Kukosa woga kunarithiwa. Hawa mama zao ni wa mto huu. Baba zao sijui wametoka wapi." Akamwonyesha korongo, ndege mla samaki, ng'ambo ya pili. "Yule mwaka juzi alikuwa mifupa mitupu. Sasa hata kuruka anaona kazi."

Miaka miwili mlishaji aliogopa kujulikana. Sasa aliogopa kitu kingine, kwamba trauti wa mto wataliwa wote, na hapa hapakuwa na pa kujificha.

"Kaka, wavu niliuacha wazi mimi. Siku ya ile mvua kubwa."

Kaka akageuka kumtazama.

"Wangapi?"

"Mia nne. Labda zaidi."

Kaka akaketi juu ya jiwe, mikono magotini. Mdogo wake akaokota kokoto, akawatupia vifaranga katikati kwa nguvu zake zote. "Kimbieni," akawaambia. Walitawanyika kidogo. Maji hayajatulia, walikuwa wamekwisha rudi, wakigombania mahali kokoto ilipozama.