Siku Bisibisi Zilipolala

Kompyuta ilivuma, taa yake ya mbele ikawaka kijani, feni ikazunguka vizuri tu. Skrini ikabaki nyeusi tii.

Nagaveni akaizima, akaiwasha tena, akangoja. Kisha akamgeukia baba yake.

"Appa, jana uliifanya nini hii?"

"Niliisafisha," Irappa akasema. "Ulitaka ikae mbele ya Devi na vumbi la miaka yote hiyo?"

"Uliisafisha na nini?"

Irappa akajikuna shingo. Jana ulikuwa mkesha wa Sikukuu ya Zana, ile ambayo vyombo vya kazi huvishwa maua na kulazwa mbele ya mungu mke Devi bila kutumiwa, na yeye alikuwa amesafisha kila kitu chenye chuma, nyumbani na karakanani: mashine ya kukereza, tupa, koleo, pikipiki, mpaka visu vya jikoni. Kompyuta nayo hakuiacha. Aliibeba hadi karakanani, akaifungua ubavu, akavichomoa vikadi vya ndani akavifuta kwa kitambaa, akavirudisha, halafu akaipuliza kwa kompresa, ule upepo wenyewe unaong'oa chembe za chuma kwenye mashine. Ilitoka inang'aa kama bibi harusi. Akaipaka liwa na nukta ya poda nyekundu, akaivisha shada la maua ya njano.

"Kompresa," akasema.

"Appa!"

"Nini? Lori linapulizwa na haliumii."

"Hii ni lori?"

Jibu Irappa alilijua. Saa tisa alasiri hiyo Nagaveni alikuwa na mtihani wa kuzungumza wa chuo cha wauguzi cha Ujerumani. Alikuwa amekisoma Kijerumani mpaka akawa anakiota. Wazungu wale hawakuwa na habari ya Sikukuu ya Zana wala hawakuulizwa. Masharti yao yalikuwa mafupi: kompyuta, siyo simu, mwanafunzi awe peke yake chumbani, atakayechelewa dakika kumi afungiwe nje hadi mwaka ujao. Na mwaka ujao umri wa Nagaveni ungekuwa umevuka ule wanaoupokea. Ni leo au basi; ndiyo maana kompyuta peke yake iliruhusiwa kuamshwa siku hiyo.

Saa saba ilikuwa imeshapita. Maduka ya intaneti yalikuwa yamefungwa mjini kote, kompyuta zao zimevishwa maua. Pikipiki ya Irappa ilikuwa imefungwa migomba midogo kwenye usukani na haikuruhusiwa kuwashwa. Akakimbia kwa miguu hadi kwa Sadashiv, fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili, akamtoa kwenye sahani yake ya chakula cha sikukuu akamleta.

Sadashiv aliingia na shati jeupe, tambuu shavuni, mikono ameifunga nyuma ya mgongo.

"Anna, kaka yangu, nimekuja kwa heshima yako," akamwambia Irappa. "Lakini leo sigusi mashine. Vifaa vyangu vyote vimelala mbele ya Devi, na mikono yangu imelala pamoja navyo."

"Sasa umekuja kufanya nini? Kula?"

"Nimeshakula. Ila mdomo sikuuvisha maua, huo nitautumia." Akamgeukia Nagaveni. "Binti, chomoa waya wa skrini, uache ule wa umeme."

Nagaveni akauchomoa. Skrini ikaandika maneno meupe kwamba hakuna kitu kilichounganishwa.

"Umeona? Skrini nzima. Ingekuwa imekufa isingelalamika. Rudisha waya. Sasa bonyeza kile kitufe cha herufi kubwa hapo kwenye kibodi. Kuna taa inawaka?"

"Hakuna."

"Basi kompyuta yenyewe haijaamka. Inapumua, lakini haijaamka. Fungeni dirisha."

Nje ngoma zilikuwa zinapigwa. Nagaveni akafunga dirisha, akaiwasha tena, wote watatu wakainama. Chini ya mvumo wa feni kulikuwa na mlio mwembamba: piii, kimya, piii, kimya.

"Ndiyo hiyo," Sadashiv akasema. "Feni inazunguka, picha hakuna, na inalia hivyo: inatafuta kadi ya kumbukumbu haioni. Haikukaa sawa. Ifungue ubavu, Anna, uikandamize. Kazi ya dakika moja."

Irappa akaushika ubavu wa boksi. Skrubu zilikuwa nne, na alizikaza yeye mwenyewe, kwa mkono uliozoea nati za trekta. Akajaribu kwa vidole. Akajaribu kwa ukucha, ukucha ukapasuka. Nagaveni akaleta sarafu. Skrubu zile zilikuwa za kichwa cha nyota, sarafu ikateleza ikakwaruza rangi. Wakaleta mpini wa kijiko, ukapinda.

"Umezikaza kama gurudumu la basi," Sadashiv akasema.

"Nyamaza. Nani ana bisibisi?"

"Mimi ninazo kumi na mbili. Zote zimelala."

"Mahaboob?"

"Yule mchomeleaji? Kaenda Belagavi, harusini. Karakana kafunga tangu juzi."

Wakatazamana. Mji ule ulikuwa na karakana kila kona, na siku hiyo hapakuwa na bisibisi moja iliyo macho.

Irappa akaenda chumba cha nyuma.

Vifaa vyake vilikuwa vimepangwa juu ya kitambaa chekundu, kila kimoja na nukta yake. Mbele ya kitambaa, mgongo umeegemea ukuta, alikaa mama yake, Gangavva. Alikuwa ameshasikia yote. Nyumba ile haikuwa na ukuta wa kuzuia maneno.

"Usiniangalie hivyo," Gangavva akasema.

"Avva, ni bisibisi moja."

"Baba yako naye alisema ni pini moja."

Pini ile ilikuwa ya trekta, na mteja aliing'ang'ania leo leo, sikukuu au si sikukuu. Baba yake akawasha mashine ya kukereza. Mkanda ukamshika mkono wa shati, na mkono wenyewe ukafuata hadi kwenye kiwiko. Wiki iliyofuata Irappa aliacha madaftari yake ya darasa la saba, akapanda juu ya kreti ili aifikie ile mashine, na hajawahi kutoka hapo.

"Angoje asubuhi," mama yake akasema. "Asubuhi Devi anavirudisha."

"Asubuhi watakuwa wameshamfungia mlango."

"Basi afungiwe! Ujerumani kuna nini? Kuosha vikongwe vya watu na hapa kuna kikongwe chake?"

"Avva, mimi niliitwa nyumbani kutoka darasani. Simwiti huyu."

"Sijamwita mimi. Wewe ndiye uliyempulizia kompyuta yake."

Hilo lilimpata. Alipiga magoti, akagusa sakafu kwa paji la uso, akanyoosha mkono kupita goti la mama yake akaichukua bisibisi ya nyota. Petali zikaanguka. Poda nyekundu ikamshika viganjani.

Gangavva akajifunika uso kwa upindo wa sari. "Devi akiutaka mkono wako," akasema kutoka ndani ya kitambaa, "usije kunililia."

Skrubu zikatoka moja baada ya nyingine, zikilia. Ubavu ukafunguka. Sadashiv akachungulia, mikono bado mgongoni, akaonyesha kwa kidevu.

"Ile pale, ndefu. Umeona kibanio cha mwisho wake? Kimevunjika. Uliisukuma na goti?"

"Niliisukuma ikae."

"Imekaa kama mgeni asiyetakiwa. Zima kwanza. Haya, kandamiza. Washa."

Irappa akakandamiza kwa kidole gumba. Kompyuta ikalia mara moja tu, fupi, na skrini ikajaa mwanga. Nagaveni akapiga yowe la furaha. Irappa akaachia. Giza.

"Bila kibanio, ule mtetemo wa feni unaiinua," Sadashiv akasema. "Nipe nusu saa nikuelekeze namna ya kuiwekea kabari."

"Saa tisa kasoro dakika tano," Nagaveni akasema.

Irappa akalishusha boksi chini ya meza, akalilaza, yeye mwenyewe akalala kifudifudi pembeni yake akaingiza mkono. "Washa. Sadashiv, toka ufunge mlango."

"Appa, natakiwa niwe peke yangu."

"Mimi leo si mtu. Mimi ni jiliwa la kubania kadi. Washa!"

Akawasha. Kidole gumba cha Irappa kilikuwa juu ya kadi. Vifundo vya vidole vingine vilikuwa karibu kabisa na feni ndogo ya ndani, ile iendayo kasi mpaka mabawa yake hayaonekani. Aliuhisi upepo wake ngozini. Aliiwaza mikanda. Akajilazimisha kuitazama miguu ya kiti.

Sauti ya mwanamke ikatoka kwenye spika, lugha kama kokoto mdomoni. Nagaveni akajibu, mwanzo kwa haraka, kisha taratibu. Irappa hakuelewa hata neno. Alijaribu kuisoma miguu ya binti yake: vidole vilikuwa vimekunjwa, vikubwa juu ya vidogo.

Halafu yule mwanamke akauliza kitu kifupi, na Nagaveni akanyamaza.

Irappa akajua ameulizwa kuhusu chumba. Sema hapana, akamwambia moyoni. Sema uko peke yako, mwanangu, nani atajua?

Nagaveni akasema maneno mengi, mfululizo. Kisha, kwa Kikannada, "Appa, anataka kukuona. Usiongee. Usiondoe kidole."

Kamera ya juu ya skrini ikashuka na waya wake, ikamtazama chini ya meza kwa jicho moja kama kuku. Irappa alikuwa na shati la sikukuu, uso umepakwa poda, shavu sakafuni, mkono umezama ndani ya kompyuta yenye shada. Alitaka kuunganisha viganja amsalimie mama wa watu. Kiganja kimoja hakikuwa huru. Akainamisha kichwa tu.

Mwanamke akasema kitu. Sauti ya mwanamume ikaingia. Wakaongea wao kwa wao, na Irappa akasikiliza kokoto zile kama mshtakiwa asiyejua lugha ya hakimu. Jasho likamwingia jichoni, akaliacha.

"Appa," Nagaveni akasema, "geuza uso ukutani."

Akageuza. Kamera ikapanda. Hakujua kama wamemkubali au ndivyo wafukuzavyo watu kwao. Ukutani kulikuwa na mchwa wawili watatu; akawatazama hao. Juu yake swali likaulizwa, na Nagaveni akajibu. Likaulizwa jingine. Mtihani ulikuwa unaendelea.

Kidole kikaanza kufa ganzi. Kisha kikaacha kuuma, na hilo likamtisha zaidi, maana hakujua tena kama anakandamiza au anagusa tu. Akaegemeza bega lote.

Ndipo lori la jirani likawashwa barabarani kwa ibada yake ya sikukuu, limevishwa migomba, likikanyaga ndimu zilizowekwa chini ya magurudumu, huku watu wakishangilia na honi ikilia bila kupumzika. Sakafu ikatetemeka. Boksi likasogea. Irappa akalifuata kwa bega, kidole gumba kisihame, na vifundo vyake vikaingia kwenye feni.

Takatakataka.

Alikamata kola ya shati lake kwa meno. Nagaveni akasita katikati ya neno, akalitafuta, akalipata, akaendelea. Kitu cha moto kilimtiririka Irappa kiganjani. Hakuuvuta mkono. Alijiambia mkono ule ni wa mtu mwingine, wa fundi fulani, na yeye amepewa kuushika tu. Lori likaenda zake. Feni ikarudi kwenye sauti yake. Mwanga wa skrini ulikuwa bado umemwagika sakafuni, wa buluu, haujazimika.

Alipoguswa bega hakujua muda gani umepita.

"Appa, achia. Wameondoka."

"Wamesema nini?"

"Nimepita. Naondoka mwezi wa nne." Alikuwa analia na kucheka. "Achia basi, Appa!"

"Siwezi. Kimeganda." Ikabidi Nagaveni amkunjue vidole kimoja kimoja. "Ulimwambia nini yule mama?"

"Kwamba kompyuta imevunjika na baba yangu ameishika."

"Mjinga wewe. Ungesema uko peke yako."

"Na kama ungepiga chafya?"

Mlango ukafunguliwa. Sadashiv alikuwa nyuma, na mbele yake Gangavva, upindo umeteremka mabegani, macho mekundu. Hakuuliza habari za Wajerumani. Alikuja moja kwa moja, akaukamata mkono ule uliotapakaa damu na poda mpaka hujui ipi ni ipi, akaufuta kwa sari yake mpya. Vifundo viwili vimechanika ngozi. Mfupa haukuguswa.

"Ni hiyo tu?" akauliza.

"Ni hiyo tu, Avva."

Hakumwamini.

"Lete na huo mwingine niuone."