Kitambaa cha Hadi Diski

Kaka yangu Aminiel hakununua hadi diski ya nje, ile ya kuhifadhia video za kompyuta, kama watu wanavyonunua. Aliiunda. Alizunguka maduka ya kompyuta ya Arusha kutwa nzima, diski achukue huku, kasha achague kule, akiwauliza wauzaji maswali ambayo hata majibu yake hakuyaelewa. Mwisho akapata kasha lenye kifeni.

"Hii inapumua, Anneth," alinitambia kwenye simu, nami niko Mwanza ninakofundisha. "Video ya mama lazima ikae pa heshima."

Mama alipokuwa anakata roho kule Nkoaranga, alitubariki sisi wanawe wawili, kila mmoja kwa jina lake. Chumbani alikuwa na Aminiel tu, na kamera. Mimi basi lilinichelewesha. Baraka yangu ilikuwa ndani ya video hiyo, na sikuwa nimeisikia.

Nilimwomba anitolee kopi kwenye sidii. Akacheka, sidii ni za wamachinga wa stendi, nisubiri Krismasi nije nitazame kwa starehe. Mkanda wenyewe wa kamera akaurudia kurekodi geti lake jipya, video ya mama ikafutika humo, ikabaki ya kwenye diski tu. Maskini akipata, methali malizieni wenyewe.

Krismasi nikafika kwake Olasiti. Sebuleni kila kitu kimevaa. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, hata jagi la maji. Wifi yangu Evaresta anajua kufuma, simnyimi haki yake. Na hadi diski? Imefungiwa kwenye kabati la vioo kati ya sahani za harusi, imefunikwa kitambaa kinene cha sufu. Tangu Oktoba haijazimwa, eti wageni waone taa yake ya buluu ikichungulia kwenye matundu.

Nikaigusa. Ilikuwa ya moto kama sufuria ya makande.

"Kaka, umeifunika!"

"Vumbi la hapa hulijui wewe," akasema.

Akafungua video kwenye kompyuta. Diski ikagonga, ko, ko, ko, ikanyamaza. Mafundi waliihangaikia wiki nzima, hawakutoa kitu. Nilimchukia kaka yangu, sifichi.

"Basi niambie wewe," nikasema. "Ulikuwepo. Mama alisema nini juu yangu?"

Aminiel akamtazama mkewe, kisha akainama.

"Chumba kilikuwa na giza, Anneth," akasema. "Nilikuwa nahangaika na mwanga wa kamera."