Pole Si Samahani

Changarawe zilipoonekana ndani ya mkate mweusi wa kiwanda chao pale Horsens, Denmark, watu walikuwa wameshavunjika meno, na Sidsel, afisa uhusiano, alijua kampuni inadaiwa neno moja tu: samahani.

Akaliandika kwenye taarifa ya waandishi. Palle, mwanasheria wa kampuni, akalifuta kwa kalamu nyekundu kama anayeua mende.

"Weka pole," akasema. "'Tunawapa pole walioumia.' Ukisema samahani umekiri kosa. Pole hata jirani anatoa."

"Ndiyo hivyo! Jirani hakuwauzia changarawe."

"Dada, kazi yako ni kupaka rangi. Kujenga tuachie sisi."

"Mnajenga nini, Bwana Palle? Mimi kila mwaka naletewa nyufa na kopo la rangi."

Bodil, mkurugenzi, alikuwa akiikatakata keki ya ofisi ya kila Ijumaa vipande vidogo vidogo, kama anayeogopa kuuma kitu. "Pole inatosha," akaamua. "Sidsel, itoe kwa jina lako. Waandishi wanakuamini."

Hapo ndipo palipomchoma. Walimwamini kweli. Jytte wa redio ya mkoa alimpigia hata akiwa likizoni, maana Sidsel asipojua husema sijui, na kampuni ikikosea husema imekosea. Imani hiyo aliichuma kijiko kwa kijiko. Leo aimwage sufuria nzima ili Palle alale usingizi!

"Jina langu siliweki."

"Tuweke la nani?" Palle akacheka. "La mwokaji?"

"La mwenye maneno. Lako."

Palle akaumuka kama unga uliotiwa hamira. "Unadhani nawaogopa? Weka! Kuongea na redio kunataka shule gani?"

Sidsel akaliweka. Taarifa ikatoka na jina la Palle na namba yake ya simu, neno kwa neno alivyotaka. Kahawa haijapoa, simu ya Palle ikalia. Jytte, moja kwa moja hewani.

"Bwana Palle, kuna bibi kavunjika meno ya mbele. Mnamwomba samahani?"

"Tunampa pole."

"Pole ya nini? Kafiwa?"

"Pole ya... ya tukio."

"Na tukio kalileta nani?"

Palle amezoea mahakama, ambako swali la leo hujibiwa kwa barua mwezi ujao. "Mkate mweusi ni mgumu kwa asili yake," akasema. "Mtu wa umri huo angetafuna kwa uangalifu."

Bodil akaweka uma chini.

Kabla jioni haijafika, maduka yalikuwa yakiirudisha mikate kwa malori. "Andika samahani," Bodil akaamuru, uso umemwiva.

"Naandika. Saini ni yako."

Bodil akasaini, kalamu nusura itoboe karatasi.

"Umenitega, nyoka wewe!" Palle alifoka.

"Nimekutega na nini? Na mdomo wako?"

Bodil hakucheka. "Ulijua ataharibu, Sidsel, ukakaa ukamtazama. Funguo ziache mapokezi. Jumatatu usije."

Sidsel akavaa koti. Alipokuwa kwenye ngazi, akampigia Jytte.

"Samahani imetoka. Ya kweli, na mkurugenzi kaisaini."

"Afadhali. Kesho nikiwa na swali nikupigie wewe?"

"Mimi sipo tena huko, mwenzangu. Mpigie Palle. Tena mpigie alfajiri, hajanywa kahawa."