Mwenyekiti wa Mkahawa wa Bluu

Kijijini kwetu Karidia, ukimwona mtu anakunywa kahawa, unajua kura yake inakwenda wapi. Mkahawa wa chama cha bluu uko upande wa kanisa, wa chama cha kijani upande wa kisima, na enzi zile hakuna aliyekalia kiti cha wenzake hata mvua ikimnyeshea.

Mwenyekiti wa tawi la bluu alikuwa Vlasis, ami yake mume wangu, mfuga mbuzi mwenye masharubu mazito na sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. Aliongoza tangu wanajeshi walipong'oka madarakani na chama kikaundwa. Kila mkutano aliufungua kwa historia: jinsi alivyoshuka mjini Kalamata kwa punda, kwenye theluji, kuchukua bendera ya kwanza ya tawi.

"Theluji imefika magotini," wazee walinong'onezana. "Mwaka jana ilikuwa vifundoni."

Masika moja, chama kilipopata kiongozi mpya huko Athene, likaja agizo: kila tawi lichague mwenyekiti upya. Vlasis alicheka. Nani angethubutu kusimama dhidi yake?

Akasimama Asimina, mwenye duka la dawa.

"Binti," Vlasis alimwambia mlangoni pa duka lake, "mkahawani kwenyewe ninyi wanawake hamwingii. Uenyekiti utaushikia wapi, jikoni?"

"Siku ya kura nitaingia, Mzee Vlasis. Daraja limebomoka tangu Krismasi, na wewe bado uko njiani na punda."

Jumapili ya kura, baada ya ibada, wanaume wakajaa mkahawani. Asimina aliingia peke yake, wakamkodolea macho kana kwamba mbuzi kapanda madhabahuni. Vlasis aliwatazama watu wake, akapinda masharubu, akatabasamu.

Ndipo mlango ulipofunguka, tukaingia sisi. Mbele Garufalia, mke wa Vlasis, nyuma yake mimi na wanawake wengine, hadi bibi kizee Stamata, tuliyemshika mikono.

"Mmepotea njia?" Vlasis aliuliza.

"Tumekuja kupiga kura," alijibu Garufalia.

"Kwa kadi gani?"

Garufalia akachomoa yake kifuani. "Hii. Nisomee, mwenyekiti, sahihi hii ya nani?"

Mtu mmoja akapaliwa na kahawa kwa kicheko. Zamani, kabla ya mkutano wa mkoa, Vlasis alituandikisha chamani wanawake wote wa upande wetu ili tawi letu lilishinde la kijiji jirani kwa ukubwa. Kadi tulizipenda na kuzitunza. Kuitwa kupiga kura ndiko hatukuwahi.

Vlasis alikuna kichwa. "Sahihi ni yangu," akasema. "Pigeni." Kisha akamwinamia mkewe. "Wewe unampa nani?"

"Kura ni siri, mume wangu. Hebu tazama ukutani."

Asimina alishinda, tena kwa mbali. Vlasis akampa mkono, akavaa kofia, akatoka.

Uwanjani Sotiris, mwenye mkahawa wa kijani na kaka wa Garufalia, alimwita. "Shemeji! Njoo ukae, kahawa juu yangu!"

"Kahawa nataka. Kiti chako sitaki."

Basi akainywa wima katikati ya uwanja, kisahani mkononi, kijiji kizima kikimtazama kutoka pande mbili. Tulipomfikia, mimi na Garufalia, macho yake yalikuwa na unyevu.

"Miaka yote hii hukuniambia kama unataka kuingia," alimwambia mkewe.

"Ningekuambia saa ngapi? Ulikuwa unasimulia."

Alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Asimina akatukaribia taratibu.

"Mzee Vlasis, nakwenda mkoani kudai daraja, na kule simjui mtu."

"Yuko katibu mmoja mwenye kitambi. Ukimwomba, anasinzia. Lazima umkaripie. Unaweza kufoka?"

"Siwezi."

"Ndiyo maana nakuja."

Wakaenda pamoja. Daraja likajengwa kabla ya kuvuna zeituni. Vlasis anasema ni ile sauti yake. Asimina anasema ni hoja zake. Katibu hajaulizwa.

Sisi wanawake hatukutoka tena mkahawani. Mwenye mkahawa alinung'unika wiki nzima, kisha akaenda kununua vikombe zaidi. Kiangazi hakijaisha, wake wa kijani nao wakamvamia Sotiris, wakimuuliza kwa nini wenzao wa bluu wanakaa ndani na wao wanasimama nje.